Nitaipata wapi santuri ya Hatari! anayoikumbuka babu?

SWALI: Shikamoo mzee. Mimi ni mwalimu, naishi Usa River. Babu yangu ana miaka 84. Ujanani alipata kibarua kwenye kambi ya Wamarekani waliokuja Momella kupiga sinema ya Hatari!. Mwaka jana nilimwekea filamu hiyo kwenye kompyuta, akaitazama yote, na tangu siku ile haachi kuimba kwa puani muziki wa pale faru anapofukuzwa. Nilimnunulia sidii yenye jina la Hatari!, akasikiliza kidogo akasema, "Siyo hii." Sasa nimempata mtu mtandaoni anauza santuri ya mwaka 1962. Anasema huo ndio muziki halisi wa filamu na anataka shilingi 350,000, posta mbali. Ninunue? Na kama siyo hiyo, nitaipata wapi?

JIBU: Marahaba, mwalimu. Usinunue, angalau si kwa bei hiyo. Na babu yako mwamini. Anaposema "siyo hii", usidhani uzee umemchanganya. Masikio yake yamegundua jambo ambalo wakusanyaji wengi wa muziki wa filamu hulijua baada ya kupoteza fedha nyingi.

Muziki unaousikia ndani ya filamu ya Hatari! na muziki ulio kwenye santuri ya Hatari! ni rekodi mbili tofauti. Mtunzi ni mmoja, Henry Mancini, na tuni nyingi ni zilezile, lakini zilipigwa mara mbili. Mara ya kwanza wanamuziki walipiga kwa ajili ya Paramount, kampuni ya filamu, kila kipande kikikatwa kulingana na picha: gari likikata kona muziki unakata nalo, faru akisimama muziki unashusha pumzi. Mara ya pili Mancini aliingia studio kwa ajili ya RCA Victor, kampuni ya santuri iliyokuwa na mkataba naye, akazipanga tuni upya ziwe nyimbo za kusikilizwa sebuleni. Kazi hii ya pili ndiyo iliyouzwa madukani mwaka 1962. Sidii uliyonunua imetokana nayo. Na santuri ya huyo muuzaji wako ndiyo hiyohiyo. Umri wake huenda anausema kweli. Anapokosea ni pale anaposema "muziki halisi wa filamu", na maneno hayo ndiyo yanayompa ujasiri wa kutaja laki tatu na nusu.

Utauliza kwa nini wasingechukua tu tepu za filamu wakazitia kwenye santuri. Sababu ya kwanza ni fedha. Chama cha wanamuziki cha Marekani kilisimamia jambo moja kwa nguvu: kazi iliyolipiwa kama muziki wa filamu haiwezi kugeuzwa santuri bila wapigaji kulipwa tena. Okestra ya filamu ni kubwa, malipo hayo yangekuwa mazito, kwa hiyo mara nyingi ilikuwa nafuu kukusanya bendi na kurekodi upya. Sababu ya pili ni Mancini mwenyewe. Santuri yake ya muziki wa tamthilia ya televisheni ya Peter Gunn iliuzwa sana na ikapata Grammy ya albamu bora ya mwaka katika tuzo za kwanza kabisa. Mwezi Aprili 1962, miezi michache kabla Hatari! haijaingia kwenye majumba ya sinema, alipewa Oscar mbili kwa kazi yake katika filamu ya Breakfast at Tiffany's. RCA walikuwa na mtu anayeuza, na walichotaka kwake ni nyimbo tamu za dakika mbili tatu. Miaka mingi baadaye, katika kitabu cha maisha yake, Mancini alieleza kwamba utaratibu huo ulimgharimu: muziki wake mzito, wa giza na wa hatari hasa, ulibaki ndani ya filamu, na watu wakamjua kama mtunzi wa mambo mepesi tu.

Kwa Hatari! hasara hiyo inasikika wazi. Filamu ina dakika 157. Santuri ina kama nusu saa, na sehemu ya nusu saa hiyo imeliwa na vipande vya kuchezea dansi, kama ule unaoitwa Big Band Bwana.

Sasa turudi kwa babu na faru wake, maana hapo ndipo swali lako linaponivutia zaidi.

Filamu ile ilipigwa Tanganyika mwishoni mwa 1960 na mwanzoni mwa 1961, kabla ya Uhuru, na ilipoanza kuonyeshwa mwaka 1962 nchi ilikuwa imeshakuwa huru. Mwongozaji alikuwa Howard Hawks, na waigizaji wakiongozwa na John Wayne walikuwa wenyewe ndani ya magari yale wakikimbiza wanyama wa kweli. Babu yako bila shaka anamkumbuka Hardy Krüger, yule Mjerumani aliyependa Momella hata akanunua shamba palepale na kujenga hoteli. Hawks aliporudi Marekani hakurudi na picha tu. Mancini anasimulia kwamba mwongozaji alimkabidhi sanduku la vyombo kutoka huku: marimba za vidole, vibuyu, na maganda makubwa ya mbegu, marefu kama mkono, ambayo ukiyatikisa mbegu zake kavu zinachachatika kama kayamba. Pamoja na vyombo hivyo kulikuwa na tepu za nyimbo za Wamasai.

Kutoka kwenye wimbo mmoja wa tepu hizo Mancini alichukua noti chache na kuzifanya mbegu ya muziki wa mwanzo wa filamu, yaani muziki wa faru. Usikilize tena ukiwa umelijua hilo. Chini kabisa kuna sauti nzito inayokwenda na kurudi, kama kundi la wanaume wanaoitikia wakiwa wamefunga midomo. Ngoma zinaingia mojamoja, maganda yanachachatika, halafu pembe zinapaza ile tuni yenyewe na gari linatimua vumbi. Kwenye santuri kipande hicho kinaitwa The Sounds of Hatari na kina zaidi ya dakika sita. Ni kazi nzuri mno, na ningekushauri umsikilizishe babu yote hadi mwisho kabla ya kukata tamaa na sidii yako. Lakini kimepangwa kwa mtu aliyekaa kwenye kiti. Cha kwenye filamu kinamfuata mnyama.

Kwa hiyo babu anaweza kuwa na mambo matatu kichwani, na ni vizuri uyatenganishe kabla hujatoa senti. Linaweza kuwa muziki wa ndani ya filamu, kama alivyousikia mwaka jana kwenye kompyuta yako. Linaweza kuwa santuri aliyoisikia zamani kwa mtu fulani Arusha, kwenye klabu au redioni. Au, na hili ndilo linalonifanya nikuandikie kwa urefu hivi, linaweza kuwa kitu alichokisikia kambini mwaka ule kwa masikio yake: watu wakiimba jioni, kabla wimbo wowote haujafika Hollywood.

Fanya hivi wiki hii. Usimwekee muziki wowote kwanza. Weka simu yako mezani, washa kinasa sauti, mwombe aimbe. Asiimbe puani, aimbe kwa mdomo, na akiweza apige na meza. Muulize: hapa wanaitikiaje? Waliimba akina nani, Wamasai au Waarusha? Walikuwa wanaimba kwa ajili ya kamera au kwa ajili yao wenyewe? Ndipo umwekee mwanzo wa filamu, kisha The Sounds of Hatari, na umwache aseme kipi ni kipi. Kama anachoimba ni kile kiitikio cha kambini, hakuna duka duniani litakalokuuzia, na rekodi ya simu yako itakuwa adimu kuliko santuri yoyote niliyowahi kuishika. Ihifadhi mahali pawili, iandikie tarehe na jina lake kamili.

Nimewahi kukosa nafasi kama hiyo. Miaka ya nyuma mzee mmoja wa Tanga alikuwa akiniletea santuri za filamu za Kihindi ili nizisafishe, na kila moja alikuwa anajua ilinunuliwa wapi na nani alicheza tabla. Nilizisafisha zote, nikazinakili zote. Yeye mwenyewe sikumrekodi hata dakika moja, na alipofariki maelezo yale yakaenda naye.

Tuseme sasa kwamba anachotaka ni muziki wa ndani ya filamu. Upo. Kwa miaka 50 rekodi za Paramount hazikutolewa kwa umma, hadi mwaka 2012 kampuni ndogo ya California iitwayo Intrada, inayoshughulika na muziki wa filamu pekee, ilipoziandaa na kuzitoa kwenye sidii. Hicho ndicho kitu unachokitafuta, wala si santuri. Ugumu wake ni kwamba kampuni za aina hii hutengeneza nakala kwa kadiri ya wanunuzi wachache wanaowajua, na zikishakwisha hubaki mikononi mwa wakusanyaji wanaouziana wenyewe kwa wenyewe.

Anzia kwa kampuni yenyewe: tazama orodha yao na waulize kwa barua pepe kama imesalia hata moja. Watu hudhani maghala huwa matupu kabisa, na mara nyingi huwa matupu, lakini barua haigharimu kitu. Kisha fungua akaunti Discogs. Hiyo ni kanzidata kubwa ya santuri na sidii iliyoanza mwaka 2000, na kila toleo lina ukurasa wake wenye picha, namba na historia ya bei ambazo nakala zimeuzwa kweli. Tafuta Hatari! ya Mancini, utaona matoleo mengi. Chagua lile tu lenye jina la Intrada na mwaka 2012, kisha liweke kwenye orodha ya unavyovitaka. Mtu yeyote duniani akiweka nakala sokoni, utapata ujumbe. Fanya vivyo hivyo kwenye eBay, soko la mtandaoni, kwa kuhifadhi maneno ya utafutaji. Baada ya hapo ni subira. Inaweza kuchukua wiki mbili au mwaka, na anayelipa bei ya juu kuliko wote siku zote ni yule aliyechoka kusubiri.

Matangazo mengine yatakupoteza. Kwa kuwa toleo la RCA limerudiwa mara kadhaa kwenye sidii, na kwa kuwa jalada linafanana au jina ni lile lile, wauzaji wengi huandika kwa Kiingereza "original soundtrack" bila nia mbaya yoyote. Usiamini maneno hayo. Mwombe muuzaji picha ya nyuma ya kasha na ya mgongo wake. Ukiona jina la RCA na jumla ya muziki ni nusu saa hivi, hiyo ndiyo uliyonayo tayari. Na kaa mbali na watu wanaouza mafaili waliyoyakwangua kwenye filamu yenyewe. Utasikia muziki, ndiyo, pamoja na injini, mlio wa faru na John Wayne akipiga kelele, na hata kwa fundi hodari ni vigumu kuvitoa vyote hivyo akakuachia okestra safi.

Ukitafuta kwa jina la Baby Elephant Walk nako kuna mtego wake. Huo ndio wimbo maarufu kuliko yote ya filamu hii, na ulimpa Mancini Grammy ya upangaji wa muziki wa ala. Mwaka ule ule wa 1962 bendi nyingine zilikimbilia kuurekodi, na toleo la Lawrence Welk ndilo lililopanda kwenye chati za Marekani. Ndiyo maana masokoni kuna santuri ndogo nyingi zenye jina la wimbo lakini si za Mancini. Ukitaka wake, sikiliza jinsi unavyoanza: kinanda cha filimbi kama kile cha sarakasi, kikitembea chini hatua kwa hatua, halafu klarineti ndogo inaingia juu yake kwa sauti ya kitoto, kama ndama wa tembo anayechelewa kumfuata mamaye.

Wimbo huo wenyewe uliokoa picha. Hawks alikuwa na kipande ambacho Elsa Martinelli anawapeleka ndama watatu wa tembo bwawani kuoga. Hakikuwemo kwenye hadithi, kilitokea tu kambini, na alikuwa karibu kukitupa. Mancini alipowaona ndama wale wakitembea alisikia mwendo wa piano wa bugi-ugi, akauandikia, na kipande kikabaki. Muulize babu juu ya Mama Tembo, jina analopewa mwanamke yule ndani ya filamu. Nadhani atakuwa na la kusema.

Kwa ajili ya ndama hao peke yao ningekushauri upate pia santuri ya RCA, si kwa laki tatu na nusu lakini kwa bei yake ya haki. Haijawahi kuwa adimu. Mancini alikuwa kwenye kilele cha jina lake, santuri zilichapishwa kwa wingi, na hadi leo nakala nzuri hupatikana Marekani kwa bei isiyofika robo ya aliyokutajia muuzaji wako. Tazama historia ya mauzo Discogs uone mwenyewe. Kilicho adimu ni nakala iliyotunzwa.

Ukiamua kuitafuta, namba ya katalogi ya Marekani ni LPM-2559 kwa mono na LSP-2559 kwa stereo. Ichukue stereo, ngoma na yale maganda yametandazwa kushoto na kulia, na ndiyo raha yake. Ya mwaka 1962 ina lebo nyeusi, yaani ile karatasi ya duara katikati ya sahani, juu yake yule mbwa anayesikiliza gramafoni, na chini imeandikwa Living Stereo. Ukiona lebo ya rangi ya chungwa, hiyo imechapishwa baadaye, kuanzia mwishoni mwa 1968. Si bandia na inaweza kusikika vizuri tu, lakini muuzaji asikutoze kama ya kwanza.

Kisha mwombe picha moja ambayo wauzaji wavivu hawapendi kuipiga: ule ukingo mtupu kati ya mwisho wa muziki na lebo. Huko kuna herufi na namba zilizokandamizwa kwenye plastiki yenyewe. Zinaonekana ukiinamisha sahani kuelekea dirishani. RCA walitumia herufi ya kwanza kutaja mwaka wa kutayarisha: M ni 1961, N ni 1962, P ni 1963. Yako inapaswa kuanza na N. Huenda pia ukaona herufi moja peke yake, R, H au I, ambayo ni kiwanda kilichoikandamiza: Rockaway, Hollywood au Indianapolis. Kiwanda hakina maana kubwa kwako. Maana ya picha hii ni kwamba jalada na lebo vinaweza kusema jambo moja na sahani iliyomo ikawa nyingine. Nilijifunza hilo kwa Hatari! hiihii. Niliagiza kwa muuzaji mmoja wa ng'ambo, jalada likafika kama limetoka kiwandani jana, nikaifungua mbele ya wageni, na ndani mlikuwa na nyimbo za Krismasi.

Kuhusu hali ya sahani, wauzaji hutumia alama za herufi. NM maana yake karibu mpya, VG+ ni nzuri yenye alama ndogo, VG utaanza kusikia kukwaruza mfululizo, na G, ingawa kwa Kiingereza inamaanisha nzuri, kwa kweli ni sahani iliyochoka. Kwa muziki wenye ukimya mwingi na sauti za chini kama huu usishuke chini ya VG+. Mikwaruzo unayoiona si lazima uisikie, na sahani inayong'aa inaweza kuwa imelimwa na sindano butu miaka ishirini; muulize kama ameipiga au ameitazama tu kwa macho, na mwambie akurekodie nusu dakika ya mwanzo wa upande wa kwanza. Akikataa, subiri mwingine.

Kabla ya kuagiza ng'ambo, hebu tembea kidogo hapo ulipo. Arusha na Moshi kulikuwa na walowezi wa mashamba ya kahawa, wafanyabiashara Wahindi, maofisa, na sinema hii ilikuwa fahari ya mkoa. Mtu aliyekuwa na gramafoni Arusha mwaka 1963 alikuwa na sababu ya kuinunua. Waulize mafundi redio wa zamani, wale wenye vibanda vilivyojaa redio zilizovunjika, kwa sababu gramafoni mbovu mara nyingi huletwa na sahani zake na mwenyewe harudi kuzichukua. Tumia neno "sahani" pamoja na "santuri". Wazee wengi hawakuwahi kuziita vingine. Usionyeshe haraka na usitaje jina la filamu mapema.

Ukiagiza nje, mwambie muuzaji aitoe sahani ndani ya jalada na kuziweka sambamba, sahani ikiwa kwenye mfuko wake wa karatasi, kati ya vipande viwili vigumu vya boksi. Ikisafiri ndani ya jalada, kwa safari ya hapa itapasua mshono wa jalada kabla haijafika. Aweke risiti yenye bei ya kweli, ili forodha wasikukadirie kwa macho. Na siku utakayoichukua posta usiipitishe sokoni ikiwa kwenye gari lililofungwa vioo juani. Nusu saa inatosha kuikunja kama chapati.

Ikifika na ukungu, usiifute kwa spiriti wala kwa kitambaa kikavu. Nunua maji yaliyochujwa ya kuongezea betri, yanayouzwa vituo vya mafuta, na uhakikishe unapewa maji na si tindikali. Weka tone moja la sabuni ya vyombo, chovya kitambaa laini kisichotoa nyuzi, na uzungushe kufuata mifuo, usikate katikati yake. Suuza kwa maji yaleyale bila sabuni, lebo isilowe, uiache ikauke imesimama. Kama huna gramafoni, azima. Ila ukague sindano kwanza. Zile za masanduku ya bei nafuu zenye mkono mzito zitaila sahani yako kwa mizunguko michache.

Kwa huyo muuzaji wako, mwandikie leo kwa adabu. Mwombe picha ya lebo, picha ya ule ukingo mtupu, na nusu dakika ya sauti. Kama lebo ni nyeusi, herufi ni N, sauti ni safi na ameshusha bei ikalingana na mauzo ya Discogs, nunua kwa ajili ya Mama Tembo na ndama wake. Kwa ajili ya faru subiri ile sidii ya 2012. Nifikishie shikamoo yangu kwa babu, na ukishamrekodi, kama ataridhia, ningependa sana kusikia.